Tumbili Namba Thelathini na Moja

Kazini walimwita Bi Pipeti, kwa kile kimrija cha kunyonyea matone ambacho hakikumtoka mkononi. Hata mumewe, siku aliyomletea miwani aliyoisahau nyumbani, ilimbidi alitaje jina hilo getini ndipo mlinzi akajua anayetafutwa ni nani. Alikuwa mtaalamu wa maabara, miaka ishirini na mitatu kwenye meza ileile, mwanamke mfupi mwenye mkono usiotetemeka na tabia ya kuhesabu ngazi kila anapozipanda. Hakuwa mtu wa makuu. Alifika saa moja na nusu asubuhi, akavaa koti lake jeupe, akafuta meza kwa spiriti, akaketi, na baada ya hapo hakupenda kusemeshwa mpaka saa nne.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza, ingawa mama mkwe wake hakuwahi kuielewa. Ndani ya damu kuna seli za kinga, wale askari wanaopambana na vijidudu. Juu ya kila seli kuna vitu vidogo vilivyochomoza kama mikono, navyo huitwa vipokezi. Kipokezi ni protini, na protini ni vipande vingi vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi. Kipokezi cha Bi Pipeti, yaani kile alichopewa akishughulikie tangu siku ya kwanza, kilikuwa na shanga mia mbili hamsini na nne. Cha mtu na cha tumbili vilifanana kila mahali isipokuwa kwenye shanga kumi na tisa. Taasisi ilitaka kujua hizo kumi na tisa zina kazi gani, kwa sababu dawa ilikuwa ikijaribiwa kwa tumbili inafanya kazi vizuri, halafu mtu akipewa, inakaa tu mwilini kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti.

Nyuma ya jengo walikaa tumbili thelathini. Mbele walikaa wafanyakazi. Katikati kulikuwa na mafriza, na Bi Pipeti.

Zile shanga kumi na tisa alikuwa nazo kichwani. Akiosha vyombo nyumbani mama mkwe alimsikia akinong'ona, "Ya themanini na saba, kwa mtu hivi, kwa tumbili vile," na kwa muda mrefu bi mkubwa yule aliamini mkwewe ni mcha Mungu sana.

Mambo yalianza Jumanne moja, baada ya mtu aliyeahidi kuja kutoa damu kutotokea. Profesa, mkuu wa maabara, mzee mrefu aliyetembea huku akijisomea karatasi, alisimama mlangoni.

"Bi Pipeti, kwani wewe si mtu?"

"Ni mtu, Profesa."

"Basi kunja mkono wa koti."

Profesa mwenyewe alikuwa ameacha kushika sindano miaka mingi, kwa hiyo akaitwa daktari wa wanyama, kijana mpole aliyewatunza tumbili. Alimfunga Bi Pipeti mpira mkononi, akampapasa begani, akamwambia, "Tulia, tulia, mzuri wewe," kisha akagundua anazungumza na nani na akaomba radhi mara mbili. Damu ilitoka vizuri. Bi Pipeti aliishughulikia mwenyewe kama anavyoshughulikia damu ya mtu yeyote, akaandika namba kwenye kichupa, akaisahau.

Siku ya tisa, karani wa sampuli alimwita chumbani kwake. Huyu alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye sweta mwaka mzima kwa sababu kiyoyozi cha chumba chake hakikuwa na kitufe cha kuzimia. Aliigeuza kompyuta ili Bi Pipeti aone.

"Kuna kitu kidogo," alisema. "Umeingia kwa tumbili."

"Nimeingia vipi?"

"Kompyuta hutazama shanga tatu. Ya arobaini na nane, ya themanini na saba, ya mia na hamsini na nane. Zote tatu zikiwa za tumbili, inamwandika tumbili. Zako zote tatu ni za tumbili. Umekuwa namba thelathini na moja."

Bi Pipeti alivaa miwani, akasoma, akavua.

"Nibadilishie basi."

"Haibadiliki. Kuna namna mbili tu za kumtoa tumbili kwenye orodha. Amekufa, au amehamishwa. Nibonyeze ipi?"

"Usibonyeze yoyote," alisema, akarudi mezani kwake kurudia kipimo.

Alikirudia mara tatu, kwa kemikali mpya, kwa mashine mbili tofauti. Shanga zake hazikutikisika. Profesa aliyatazama majibu kwa muda mrefu, akamtazama na yeye pia, zaidi usoni, kwenye taya.

"Nina watoto watatu, Profesa," Bi Pipeti alisema.

"Tumbili nao huzaa," alisema Profesa, bila ubaya wowote. "Mimi siongozi maabara kwa kupendelea watu. Sayansi haina undugu."

Jumatatu iliyofuata, daktari wa wanyama alikuja na mizani, faili, na uso wa mtu anayekwenda kudai kitu asichokitaka.

"Shikamoo, Bi Pipeti."

"Marahaba. Una nini?"

"Nimekuja kwa ile kazi ya Jumatatu. Ya kupima uzito."

"Uzito wa nani?"

Kijana alikohoa. Akaeleza kwamba wakaguzi wa wanyama huja bila taarifa, nao huhesabu. Orodha ikisema tumbili thelathini na mmoja, na vizimbani wakaonekana thelathini, basi mmoja ametoroka. Na tumbili akitoroka, sheria inamtaka daktari aandike barua kwa kila nyumba ya mtaa na azunguke na wavu.

"Sasa mimi," alisema, "nitawaandikiaje majirani kwamba kuna tumbili hajulikani alipo, wakati tumbili mwenyewe nimemwacha kantini anakunywa chai?"

Bi Pipeti alikuwa na miaka ishirini na mitatu bila kuharibu rekodi hata moja. Alivua viatu, akapanda mizani.

Fomu ilijazwa yote, kwa sababu fomu ile ilikuwa haikubali nafasi tupu. Uzito: kilo sitini na nane. Maoni: mnene kupita kiasi, apunguziwe chakula. Meno: mazuri, mawili yamezibwa na fundi asiyejulikana. Mkia: haupo. Sababu ya kutokuwepo mkia: haijabainika. Tabia: mtulivu, hujibu maswali. Hapo kwenye tabia kijana alisimamisha kalamu akauliza kama aongeze neno "mcheshi", na Bi Pipeti akamwambia aandike alichokiona tu.

Pamoja na uzito kilikuja chakula. Kila tumbili wa orodha alistahili ndizi tatu, kiazi kitamu kimoja na yai la kuchemsha kwa siku, na sahani yake ikaanza kuletwa mezani saa nne kamili. Yeye alikuwa hali mbele ya sampuli. Akawa anakifunga kwenye mfuko, anakipeleka nyumbani, na ndivyo ilivyombidi aieleze familia.

Mumewe aliacha kutafuna. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa utani mwingi na hofu nyingi, na siku ile hofu iliutangulia utani.

"Tumbili kabisa, Mama Watoto?"

"Shanga tatu, Baba Watoto. Kati ya mia mbili hamsini na nne."

Mama mkwe alikuwa anamenya yai. "Mimi nilijua kuna kitu," alisema. "Wakati wa posa niliuliza kuhusu ukoo wao. Nikaambiwa ni wazuri. Hakuna aliyeniambia ni watu."

"Mama, acha bwana."

"Sijasema neno baya. Nimesema wazuri." Akalila yai lote, akauliza kama kesho yatakuja mawili.

Kilichomuuma Bi Pipeti hakikuwa kuitwa tumbili. Amekaa karibu nao miaka yote hiyo na hajawahi kuona mmoja wao akimsengenya mwenzake kantini. Kilichomuuma ni zile shanga. Alizikariri akiwa bado kijana, akazisema akiosha vyombo, akazisema akiwa na uchungu wa mtoto wa pili badala ya kulia, halafu leo zinamgeuka, na zinamgeuka ndani ya mwili wake mwenyewe. Alianza kupoteza usingizi na kusahau hesabu ya ngazi.

Mumewe ndiye aliyekitia kidonda hicho chumvi. Wiki ya pili alikwenda taasisini kwa siri, akatolewa damu, na majibu yakatoka: mtu, kwenye shanga zote kumi na tisa, bila doa. Alimwomba karani amchapie kwenye karatasi nzito na kuipiga muhuri. Akaitia fremu, akaitundika kwenye kibanda chake cha kushonea, kati ya kioo na picha za mitindo ya suti. Wateja waliokuja kupunguziwa suruali waliisoma wakiwa wamesimama na pini kiunoni. Nyumbani akawa hashikiki. Akiambiwa ameacha bomba wazi, anajibu taratibu, "Sema tu, nasikiliza. Mimi ni mtu." Siku aliyomwambia mkewe kwamba suala la kupaka rangi jikoni liamuliwe na aliyethibitishwa, Bi Pipeti alifunga mdomo wake. Aliufunga siku nne. Chakula kilipikwa, nguo zilipigwa pasi, neno halikutoka.

Katika ukimya ule ndipo alipopata kufikiri, na swali lililomjia lilikuwa dogo hata akashangaa kwamba hajawahi kuuliza. Asubuhi yake alikwenda kwa karani.

"Huyu mtu wa kwenye kompyuta, tunayelinganisha naye sampuli zote. Ametoka wapi?"

Karani alivuta sweta lake. "Mtu gani?"

"Mtu. Anayeitwa mtu."

"Mimi nilimkuta," alisema karani. "Nilipoajiriwa alikuwepo."

Kwenye daftari la zamani, safu ya kwanza kabisa, palikuwa pameandikwa: watu sita wenye afya njema, waliochaguliwa bila upendeleo. Friza ya pili, droo ya chini. Droo ile ilikuwa haijafunguliwa kwa miaka mingi, barafu imeikamata kama saruji. Bi Pipeti aliibandua kwa mwiko wa plastiki kuanzia saa mbili mpaka saa sita, akiwa amepiga magoti kwenye gazeti, na daktari wa wanyama akimmulikia tochi. Mwisho wake akatoa kiboksi chenye vichupa sita. Vibandiko vilikuwa vimefifia lakini mwandiko aliujua, ule wa herufi zilizoinama kama zinapigwa na upepo. Alivisoma kimoja kimoja. Kaka Mkubwa. Dada wa Kwanza. Dada wa Pili. Kitinda Mimba. Mama. Cha mwisho kiliandikwa Mimi.

Alikiweka kiboksi kwenye sinia la barafu, akaenda nacho ofisini kwa Profesa, akafunga mlango kwa kisigino.

"Profesa, hawa ni nani?"

Profesa aliinama juu ya sinia, akasoma, akakaa chini pole pole.

"Miaka ile hakuna aliyetaka kutolewa damu," alisema. "Tulibandika tangazo mwezi mzima. Akaja mtu mmoja. Alikuwa anatafuta choo."

"Kwa hiyo ukaenda kwenu."

"Ilikuwa harusi ya dada yangu wa pili, wote walikuwa mahali pamoja. Yeye nilimtoa damu mapema, kabla hajavaa gauni, asije akalichafua." Alimtazama. "Walikuwa na afya njema, Bi Pipeti. Hilo ni kweli."

"Kwa hiyo katika taasisi hii, mtu maana yake ni mtoto wa mama yako."

Profesa aligusa kichupa cha tano kwa ncha ya kidole.

"Mama mwenyewe yumo pia," alisema.

Bi Pipeti hakumgombeza. Hakuwa na kinyongo na mtu aliyekosa watu wa kuwatoa damu. Na yeye alishayaona mabango yakichakaa ukutani bila mtu kuja. Alimwomba kitu kimoja tu: wapimwe wafanyakazi wote. Profesa alikubali kwa kichwa, bila kunyanyua macho.

Walikuwa arobaini, ukimtoa yeye. Daktari wa wanyama aliwapanga foleni mbili uani, akawaambia wote watulie, na safari hii hakuomba radhi. Majibu yalitoka baada ya siku kumi. Ishirini na wanane walikuwa na shanga zilezile tatu za Bi Pipeti. Alikuwamo mlinzi wa getini, wapishi wote wawili wa kantini, mwenyekiti wa kamati ya maadili, karani mwenyewe, na daktari wa wanyama.

"Tuna tumbili hamsini na tisa," karani alitangaza kwa sauti yake ya chini. Alikuwa amejisajili mwenyewe, akajipa namba arobaini.

Wiki ile taasisi haikukalika. Daktari wa wanyama alijipima uzito mwenyewe, akatia sahihi sehemu ya mpimaji, akatia nyingine sehemu ya mnyama. Mwenyekiti wa kamati alipanda mizani na suti yake na akakataa kufungua mdomo akaguliwe meno mpaka alipoonyeshwa kifungu cha kanuni. Mhudumu wa mapokezi, ambaye alikuwa mtu, alianza kumjibu mkuu wa utumishi, ambaye hakuwa, kwa ufupi kidogo. Ndizi za stoo ziliisha Alhamisi mchana, na tumbili wa vizimbani, wale thelathini wa siku zote, wakatikisa nyavu kwa hasira mpaka jioni.

Kamati ya maadili ikaitishwa iamue kama wafanyakazi ni watu. Hapo likazuka tatizo jingine. Kanuni haimruhusu mjumbe kuamua jambo linalomhusu, na wajumbe watano kati ya saba walikuwa kwenye orodha ya tumbili. Waliobaki ni wawili, na kikao kinahitaji watatu, na huyo wa tatu awe mtu wa nje aliyethibitishwa. Karani alipekua majalada yote. Nje ya taasisi kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye karatasi yenye muhuri.

Fundi cherehani alikuja na futi yake ya kupimia shingoni na fremu kwapani. Alikaa mbele, kwenye kiti cha ngozi. Bi Pipeti alikaa nyuma, pamoja na tumbili wenzake, mikono mapajani. Zilikuwa hazijapita wiki tatu tangu aanze tena kumsalimia.

Wajumbe wale wawili walisoma maelezo, wakapinga hili, wakaunga mkono lile, wakasema huenda suala lisubiri ripoti. Kisha wakamgeukia fundi wakamuuliza ana lolote la kusema kabla ya kupiga kura. Alisimama. Aliitazama fremu yake, akaiegemeza kwenye mguu wa meza, kioo kikiangalia ndani.

"Mimi mambo ya shanga siyajui," alisema. "Najua mapindo na vifungo. Lakini mke wangu nimekaa naye miaka ishirini na sita. Juzijuzi nilimkosea neno, akaninyamazia siku nne. Siku nne nzima, na nguo zangu akazipiga pasi. Mnyama akikasirika anakung'ata, yanaisha. Kumnyamazia mtu siku nne mpaka ajione mjinga, hiyo ni kazi ya mtu. Tena mtu aliyekamilika." Akakohoa. "Hawa wengine siwajui, ila kama wanafanana naye, basi nao ni watu."

Wajumbe waliandika. Mmoja alimwomba arudie ile sehemu ya pasi. Kura zikapigwa, tatu kwa sifuri, na muhtasari ukasomeka hivi: wafanyakazi wote ni watu, hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Karani akarudi chumbani kwake, akabonyeza "amehamishwa" mara ishirini na tisa, na kila mara kompyuta ilipouliza amehamishiwa wapi, aliandika: kwa watu.

Jioni ile mtu na mkewe walirudi nyumbani kwa miguu. Bi Pipeti alimbebea fremu, na walipofika alimwambia apake rangi anayotaka jikoni, isipokuwa kijani.

Kuhusu sayansi yenyewe, ilikuja kuonekana kwamba zile shanga tatu hazitenganishi mtu na tumbili hata kidogo. Zinatenganisha ukoo wa Profesa na watu wengi waliobaki, na dawa zilizoshindwa zilikuwa zimepimwa miaka yote kwa kufuata damu ya harusi moja. Profesa alipokea jambo hilo kiungwana. Aliandika barua kwa jarida lililochapisha kazi yake ya kwanza, akaeleza kila kitu, hata gauni, na jina la Bi Pipeti akaliweka juu ya lake. Kitu kimoja tu kilimsumbua: fundi cherehani. Kila walipokutana alimshika mkono kwa muda mrefu, akamuuliza kwa upole bibi yake mzaa baba alitoka upande gani.

Jarida lilijibu kwamba sawa, lakini safari hii wanataka watu mia mbili, wasiwe ndugu, wasiwe wafanyakazi, na wasitoke kwenye sherehe yoyote. Kazi hiyo alipewa Bi Pipeti. Aliomba meza, viti viwili na mwavuli mkubwa, akajiweka kando ya barabara yenye watu wengi, mkabala na soko, kijana wa wanyama akiwa na sindano pembeni yake. Saa nzima watu walipita wakitazama pembeni. Wa kwanza kukaa alikuwa fundi viatu, mzee mwenye vidole vyeusi vya kiwi, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua kumi kutoka pale.

"Damu yangu mnaitakia nini?"

"Tunatafuta mtu anafananaje, mzee wangu."

Fundi viatu alijitazama mikono, akamtazama na Bi Pipeti.

"Na mkikuta mimi sifanani?"

"Tunabadilisha kompyuta."

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya haki. Akavua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni, akakunja shati.

"Kulia au kushoto?" aliuliza.